Kijani Kilichozama Kwenye Karatasi

Iko Ijumaa moja ya majira ya mvua, mwanangu, ambayo sijaweza kuisahau, wala siombi kuisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilijua kila kitu, kama unavyojua wewe sasa. Usinikasirikie kwa hilo. Ujana ndivyo ulivyo.

Nilifanya kazi ya uchapaji kwa Tata Mwamba, hapa hapa Kolwezi, mtaa wa Manika. Chumba kilikuwa kimoja, bati juu, mashine moja ya zamani iliyolia kama mbuzi ikikosa mafuta. Tulichapa mialiko ya harusi, vitabu vya risiti, matangazo ya ibada. Tata Mwamba alikuwa mtu wa Lubudi, mzee mkimya, na kucha zake zilikuwa na wino ambao sabuni ilishindwa kuutoa. Alinichukua wakati watu walisema mashine si kazi ya msichana. Alinifundisha kila alichojua, na jambo aliloanza nalo ni karatasi, kabla hata ya wino.

"Ngalula," aliniambia, "wino haina rangi yake peke yake. Karatasi njo inaipatia rangi. Hii ya kung'aa iko na ngozi. Wino inabakia juu, unaiona yote. Hii ingine haina ngozi, inakunywa. Wino ikishuka mu tumbo ya karatasi, utaona tu kivuli yake."

Akachovya kidole majini na kudondosha tone juu ya kila moja. Kwenye karatasi ya kung'aa tone lilisimama kama jicho. Kwenye ile nyingine lilipotea hata kabla hajainua mkono. Nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Kuelewa kwa kichwa ni rahisi, mwanangu. Mkono huchelewa kujifunza.

Basi siku zile akaja muuguzi wa zahanati, Mama Mado, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Kando ya mto, njia ya kwenda Mutshatsha, wachimbaji walikuwa wameanza kuosha mawe ya shaba na kobalti, na maji ya visima vya vijiji vya chini yalikuwa yamebadilika. Zahanati ilikuwa imepata vijikaratasi vya kupimia ukali wa maji, yaani asidi yake. Unachovya kimoja kisimani, kinabadilika rangi, kisha unakilinganisha na miraba iliyochapwa kwenye karatasi ya mfano. Lakini mfano ulikuwa mmoja tu, na vijiji vilikuwa vingi. Alitaka tumchapie mingine mia mbili.

"Bamama ba kule habajue kusoma," alisema, "lakini rangi banajua. Nyekundu ao machungwa, usiguse. Manjano, usikunywe. Kijani, ile ya mwisho, kunywa. Njo vile tu."

Wiki ile ile Tata Mwamba alifiwa na ndugu yake huko Lubudi. Kabla ya kwenda msibani alinipa maagizo, amesimama mlangoni na mfuko wake begani.

"Uchape yote ku karatasi ya kung'aa. Ile ya kwanza uipeleke inje, uiweke pembeni ya ile ya Mama Mado, uangalie na mwanga ya jua. Na ungoje ikauke kabla ya kufunga."

Nikaitikia. Sikumwambia kwamba karatasi ya kung'aa ilikuwa karibu kwisha. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimechukua rundo zima bila kumwuliza, nikachapa mialiko ya harusi ya dada yangu, maana nilitaka watu waishike na kusema, "Tazama kazi ya Ngalula." Walisema hivyo kweli. Nilifurahi siku mbili.

Nilipofungua kabati nikakuta zimebaki kama ishirini. Mjini nilizunguka maduka yote, hakuna. Mama Mado angekuja Ijumaa na gari. Pale kabatini palikuwa na rundo la karatasi nyingine, nzuri, laini, yenye rangi ya maziwa yaliyokaa. Nikaishika nikajiambia, karatasi ni karatasi.

Nikaanza na zile ishirini. Njano kwanza, kisha nyekundu, na mwisho buluu, kwa sababu kijani chetu kilipatikana kwa kuweka buluu juu ya njano. Nikapeleka moja nje, nikailinganisha na mfano. Zilifanana kama mapacha. Moyo ukatulia, nikapitisha zile laini. Alhamisi jioni buluu ilipotoka mashinani bado mbichi, kijani kiling'aa vizuri tu, nikajisifu.

Asubuhi ya Ijumaa nikakuta kimezama. Buluu ilikuwa imenywewa usiku ikabaki kivuli tu, njano ikaishinda, na ile rangi ya maziwa ya karatasi yenyewe ikaongeza umanjano wake. Kijani kilikuwa kama jani la muhogo lililoanza kukauka, na mraba wa manjano nao ulikuwa umepauka. Nikachukua karatasi moja, nikapitisha buluu tena, nzito zaidi. Ikawa chafu na nyeusi. Nikasimama pale nikisikia gari likiunguruma nje.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipoanguka. Ningeweza kutoka na kusema, "Mama Mado, haijafaa, nipe wiki." Angenifokea, na yangeishia hapo. Badala yake nilizitia fungu fungu kwenye bahasha, na ndani ya kila bahasha, juu ya zile laini, nikaweka moja ya zile za kung'aa. Mama Mado alifungua, akaona ya juu, akatabasamu. "Mikono yako iko muzuri, binti," akasema, akaondoka.

Nilijiambia kijani ni kijani.

Majuma matano yalipita. Tata Mwamba alikuwa amesharudi, na nilikuwa naosha mashine Mama Mado alipoingia bila kubisha. Hakunisalimu. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshika moshi wa jikoni, akaiweka mezani pamoja na kijikaratasi cha kupimia kilichokauka. Kijikaratasi kilikuwa cha manjano. Tata Mwamba akavibeba vyote mpaka mlangoni kwenye jua, akavilinganisha. Ile manjano ya maji makali ilikaa juu ya mraba wetu wa kijani kama mguu ndani ya kiatu chake.

"Ile ya juu niliona ilikuwa sawa, lakini kwa hii kijiji kizima banakunywa," alisema Mama Mado. "Batoto banatapika, batu bakubwa tumbo inabaluma. Jumapili tulizika mutoto moja."

Tata Mwamba akanitazama, nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Pengine jua njo iliiharibisha, Tata."

Alilowesha kidole, akadondosha tone juu ya ile karatasi. Likapotea.

"Jua haikukunywa hii wino, karatasi njo ilikunywa," alisema polepole. "Na ile ya juu, ile Mama Mado aliona, ilikuwa ya kung'aa?"

"Ndiyo, Tata."

"Uliiweka juu ukijua?"

"Nilijua."

Akavuta kiti akaketi. "Mutu akikosea, mi naweza kumufundisha. Lakini weye ulificha. Ile sina namna ya kuifundisha."

Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio kilichonifichua kilikuwa cha nyumba ya mtu mwingine.

Kesho yake tukapanda gari la zahanati, sisi watatu. Tulipita nyumba hata nyumba tukikusanya zile karatasi. Wengine walikuwa wamezibandika ukutani kwa ugali wa jana, karibu na mtungi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule aliyezika mtoto. Jina lake Mama Kapinga, mtu wa Kasai kama ukoo wetu. Mwanawe alikuwa msichana, mama alikuwa ndiyo kwanza amemwachisha ziwa, akaanza kumpa uji wa maji ya kisima.

Tata Mwamba alitaka kusema yeye, kama mwenye kazi. Nikamwomba aniache. Nikapiga magoti nikamweleza Mama Kapinga kila kitu, hata ile ya juu ya bahasha. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akabandua karatasi yake ukutani, taratibu, isichanike.

"Nililinganisha mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza mu nyumba. Mara ya pili inje ku jua, sababu nilikuwa naogopa. Yote mbili ilifanana na hii." Akaweka kidole kwenye mraba. "Mi sikujua kama karatasi inaweza kudanganya."

Nikaanza kulia. Akanipa ile karatasi.

"Ukamate yako, uende. Mi siko na neno ya kukupatia."

Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni maji peke yake, kwa maana mtoto alikuwa na homa pia. Watu wema wamenikumbusha jambo hilo mara nyingi, wakidhani wananifariji. Lakini mimi najua mama yule alipima, akapima tena, na mkono wangu ndio uliomjibu kwamba anywe. Tulichapa upya, zote za kung'aa, zilizotoka Lubumbashi kwa gari moshi. Zilifanana na mfano. Mtoto hakurudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama Kapinga alihamia mji wa Kasaji mwaka ule, na sikumwona tena.

Mwanangu, nimekaa kwenye kazi hii mpaka macho yamechoka. Leo mnachapa kwa kompyuta, mnaona rangi kwenye kioo na mnadhani ndiyo itakayotoka. Nakuonya. Jaribu kazi yako juu ya karatasi ile ile utakayompa mtu, si juu ya iliyo nzuri kuliko hiyo. Iache ikauke ndipo uihukumu, na uitazame kwenye mwanga wa mchana. Ukiwa fundi wa kitu kingine, uashi au dawa au kufundisha watoto, utajua mwenyewe neno hili linakaa wapi. Na siku utakapoona umeharibu, sema wakati gari bado liko mlangoni. Aibu ya asubuhi moja haijaua mtu. Usiweke kamwe kilicho kizuri juu ili kufunika kibaya, kwa sababu mtu wa chini ndiye atakayekipata hicho kibaya, na mara nyingi ni mtu asiyeweza kusoma, aliyekuamini kwa macho yake tu.

Mungu akupe mikono mizito kufunga kazi isiyofaa, na ulimi mwepesi kukiri. Akuepushe na mlango kama ule wa Mama Kapinga. Na kama siku moja utalazimika kuugonga, akupe nguvu ya kupiga magoti. Nenda salama, mwanangu, na kazi yako isimlize mtu.