Ngazi niliyochora nikiwa Mafiga ilimwangusha mama wa watu Mgeta

Wakuu, heshima kwenu. Leo utani nauweka pembeni, na mnaonijua mnajua huwa siuweki. Hili sikusimuliwa, lilinikuta mimi.

Nachora ramani za nyumba, nakaa hapa Mafiga. Kuchora kwa kompyuta nilisoma masomo ya jioni, baada ya kufyatua tofali mchana kutwa. Nilisinzia darasani mpaka dawati likabaki na alama ya shavu langu, lakini cheti nilipata.

Na kwenye ngazi niliamini Tanzania nzima tupo wawili, na huyo mwingine namfundisha mimi.

Mwaka juzi dada mmoja wa Dar, nimwite Agnesi, akanipa kazi. Anamjengea mama yake kule milimani Mgeta.

Kiwanja ni mteremko, mbuzi akiteleza unamfuata wilaya nyingine. Barabara ya malori iko juu, shamba la kabichi liko chini. Mama alikuwa anapandisha kabichi kwa njia ya nje, matope matupu.

Agnesi akaniambia, "Kaka, nataka mama aingie chini akitokea shamba, apande ndani kwa ndani, atokee barabarani. Ile njia aisahau."

Ngazi za kawaida zilizomo kwenye software nikazidharau. Nikaunda yangu: inapanda, inakata kona, inapita chini ya bimu, ule mhimili wa zege unaolala juu. Kuna kijitu cha 3D unakitembeza ndani ya nyumba. Nikakipandisha, kikapita bila kugusa. Nikatuma video, Agnesi akalia kwa furaha.

Mgeta sikupanda. Nilitegemea picha na vipimo vya kutumiwa kwa simu. Hapo sina utetezi.

Wiki ya pili baada ya mama kuhamia, Agnesi akapiga. "Kaka, mama ameanguka kwenye ngazi yako."

Wakuu, kule kabichi hazibebwi mkononi. Tenga linakaa kichwani, juu ya ngata ya kitambaa. Pale kwenye kona mama alipita, tenga halikupita. Liligonga bimu likamvuta kinyumenyume hadi chini. Mguu ukavunjika.

Kijitu changu kilipanda mikono mitupu, na kichwani hakina kitu.

Nikapanda Mgeta. Nilimkuta mama kakaa mlangoni, mguu una plasta ngumu ya P.O.P.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ngazi?"

"Ndiyo mama."

"Ulinipima?"

"Sikukupima."

"Sasa ulimjengea nani?"



Nilimwita injinia aliyenifundisha yale masomo ya jioni. Tukavunja ngazi, bimu ikahamishwa, ikajengwa ngazi nyingine, iliyonyooka. Zege nilibeba mwenyewe. Muda wote huo majirani walimpandishia kabichi zake kwa ile ile njia ya matope.

Siku ya kumaliza, mama alikuwa anatembelea fimbo. Akagoma kupanda. "Funga ngata, baba. Beba wewe kwanza."

Jirani mmoja akacheka, "Shingo ya mjini hiyo, mama Agnesi, itazama mabegani!"

Nikabeba. Lile tenga lilikuwa na uzito wa lori na dereva wake. Nilipanda hatua kwa hatua, nikatokea barabarani.

Kugeuka, mama alikuwa nyuma yangu, anapanda polepole. Alifika juu, akainua fimbo kupima nafasi iliyobaki juu ya kichwa chake mpaka dari.

"Tenga haligusi," akasema. "Sasa ni ngazi yangu. Ila daktari kanikataza kubeba kichwani, maisha yangu yote."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Bora angenitukana.

Siku hizi kijitu changu nimekiundia tenga, na hakikai kwenye ramani yoyote bila hilo tenga. Na sichori nyumba ya mtu kabla sijamwona akitembea na mzigo wake.

Wenzangu wa ujenzi, nyie huwa mnampima nani kabla ya kuchora? Semeni. Na mwenye la kunisema pia aseme, ninastahili.