Kumfuata Mzee Kasanda Boko

Wenzangu wakisafiri huenda Unguja, huenda Mombasa, na yupo jamaa yetu mmoja wa Kinondoni aliyefika Bombay akarudi na miwani asiyoihitaji. Mie nimesafiri mpaka Boko. Msinicheke. Tangu nilipoacha shule darasa la nne naota safari, na iliyonijia ndiyo hiyo, basi nawasimulia hiyo hiyo.

Sababu yake ni Mwalimu Hamisi Kasanda. Nyie mnamjua: kijana mrefu, akitoka kufundisha anaingia ndani na kufunga mlango. Barazani haketi, bao hachezi, ukimsalimu anajibu kama maneno yamepanda bei dukani. Watu walisema ana maringo. Mie natengeneza baiskeli ubavuni mwa nyumba yake, ukuta ni mmoja, na nilijua si maringo. Baba yake, Mzee Kasanda, ana maradhi ya akili. Siku nyingine mzee ni mzima kama mie na nyie, anasuka vikapu vyake. Siku nyingine anarudi ujanani, alipokuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya wapagazi kutoka Unyamwezi mpaka pwani. Basi hutoka kuwatafuta watu wake waliobaki nyuma. Mwalimu akiulizwa baba yuko wapi, hujibu, "Amekwenda Tabora." Mwaka ule Mzee Kasanda alikwenda Tabora mara nyingi kuliko gari la moshi.

Ijumaa alfajiri, Kinondoni. Mwalimu alinigongea dirisha, baiskeli mkononi, tairi halina upepo. Muuza samaki alikuwa ameleta habari jana yake: mzee ameketi Boko, kando ya barabara ya Bagamoyo, ana mzigo na fimbo, haondoki. Jumbe wa pale amempa kivuli na chakula, lakini amesema Ijumaa ikiisha bila ndugu yake kutokea, atamkabidhi kwa askari wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, nao watampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili huko bara.

"Nakwenda nawe," nikasema huku nikijaza upepo.

"Hapana haja."

"Pancha njiani utaziba kwa chaki? Kisha mie Mzaramo, nyie Wanyamwezi. Mkinipotelea, nitamtania nani?"

Hakucheka. Lakini hakukataa pia, na kwa Mwalimu Hamisi kutokataa ni karamu.

Niseme kidogo juu ya utani huo, asije akausoma mgeni akadhani tunagombana. Mzaramo na Mnyamwezi wanaruhusiwa kutukanana, kunyang'anyana kofia, hata kuziba njia ya jeneza maziko yakingoja, na hakuna wa kukasirika. Mwalimu hakuwahi kunijibu utani hata siku moja. Baba yake ndiye aliyenijibu, siku zake njema na siku zake mbaya, sawasawa.

Kawe tulifika jua limekwisha panda. Tulipokezana: mmoja anakanyaga, mwingine amekaa nyuma kama gunia. Nikiwa mie ndiye gunia niliimba; akiwa yeye ndiye gunia alikuwa gunia kweli.

Tegeta tulishuka kupumzika. Nikanunua mihogo ya kuchoma, tukaketi juu ya gogo. Hapo ndipo alipotoa neno bila kuulizwa.

"Salumu, na asiponijua?"

"Atakujua, we mtani."

"Wiki iliyopita aliniuliza mama yangu ni nani. Akasema nina sura ya mtu aliyemfahamu."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza. Nikampa kipande kikubwa cha muhogo.

Boko tulifika watu wakitoka kwenye sala ya Ijumaa. Mzee Kasanda alikuwa pale pale alipotajwa, shati limefungwa vifungo vyote, pembeni yake mzigo umeviringishwa kwa mkeka na kukazwa kamba. Lori lilipopita aliinua fimbo akaliamrisha lifuate mstari. Dereva akapiga honi ya heshima, maana walikwisha zoeana.

Jumbe Kibwana, mtu mnene mwenye macho ya kucheka, alikuwa barazani kwake na wazee wenziwe, sinia la wali likingoja. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Karibuni. Mmemfuata mzee?"

"Ndiyo," akasema Mwalimu.

"Ni nani wako?"

Watu wote wakageuza nyuso. Mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi Bagamoyo, kwamba yule si ndiye mwalimu wa Kinondoni, anayemfundisha mpwa wake? Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Ni mzee wa mtaani kwetu."

Jumbe akatikisa kichwa polepole. "Basi kuleni, kisha mrudi salama. Mzee wa mtaani simtoi. Neno nililolipeleka kwa Bwana Shauri ni ndugu yake au askari. Jirani sikumtaja."

Mie ningeweza kusema, lakini kumwita rafiki yako mwongo mbele ya sinia la wali si adabu. Nikaondoka barazani, nikavuka barabara, nikamnyang'anya Mzee Kasanda fimbo yake.

"We Mnyamwezi!" nikapiga kelele. "Nani kakupa ruhusa ya kukaa nchi ya Wazaramo? Mlikuja kubeba mizigo, mkatua, mkasahau kurudi kwenu!"

Mzee akainua uso. Macho yaliyokuwa mbali yakarudi, yakanipima toka kofia hadi kandambili.

"Mzaramo! Bila sisi kubeba, nyie mngevaa nini? Mpaka leo mngekuwa mnacheza ngoma mmevaa makuti!"

Baraza likaanguka kicheko. Jumbe mwenyewe, Mzaramo mtupu, alijipiga paja.

"Leo nimekukamata," nikasema. "Fimbo siirudishi, na hapa huondoki, mpaka mtu wa damu yako aje kukukomboa. Wa damu! Jirani simtaki."

Nikageuka nikatazama mnazi, makusudi, nisimtazame Mwalimu. Kicheko kikaisha. Nikaanza kuuogopa utani wangu mwenyewe.

"Mimi," ikasema sauti nyuma yangu.

"Wewe nani?" Jumbe akauliza.

"Mimi mwanawe. Huyu ni baba yangu. Hakwenda Tabora. Anaumwa akili, na mimi ndiye ninayemuuguza."

Mzee Kasanda akamkazia macho kijana wake kama anayesoma maandishi yaliyolowa. "Kama ni mtu wangu, mbona hana mzigo? Nimeketi hapa kwa ajili ya mzigo huu, mbebaji haonekani."

Mwalimu akavuka barabara. Akavua kofia, akainama, akauinua mzigo ule akajitwisha kichwani, hali amevaa suti yake nyeupe ya shule.

"Mbebaji ni mimi, Baba. Nilichelewa."

"Umechelewa sana."

"Nisamehe."

"Shingo wima! Nani kakufundisha kubeba hivyo?"

"Hakuna."

"Inaonekana."

Jumbe akapangusa macho kwa ncha ya kanzu, akidai ni vumbi. "Mwalimu, ungesema tangu mwanzo," akasema, "wali usingepoa."

Nikamrudishia mzee fimbo yake, maana amekwisha kombolewa, na njia ya kurudi tulikwenda kwa miguu. Niliomba mzigo ufungwe kwenye baiskeli. Kirangozi akakataa katakata, msafara wake haukuwa na magurudumu. Basi mzee mbele na fimbo yake, Mwalimu katikati na mzigo, mie nyuma nasukuma baiskeli nzima isiyo na kazi. Tegeta mwenye mihogo alituuliza habari. "Nimemfuata baba yangu," Mwalimu akajibu. Kawe aliulizwa tena, akajibu vilevile, na mara hii hakutazama viatu.

Magharibi tuliingia Kinondoni, watu wamejaa mabarazani, na nyie mlituona. Nasikia mpaka leo mnauliza mkeka ule ulikuwa na nini ndani yake. Ulikuwa na mchi, ungo, vifuu, na suruali ya Mwalimu iliyotafutwa mwezi mzima.

Mzee hakupona kwa safari ile, nisiwadanganye. Amekwisha toka tena. Ila sasa akionekana Msasani au Kawe, watu wanajua ni baba wa nani, na wanamrudisha wakitaniana naye njiani. Mwalimu huketi barazani siku hizi. Bao anacheza vibaya mno, na utani wake wa kwanza kwangu ulikuwa hafifu hata nikamhurumia. Nilichojifunza Boko ni hiki tu: mgonjwa yule hakuwa mzito, kilichomlemea Mwalimu ni kumficha.

Jioni ile mlangoni pao mzee alisimama, akageuka kutukagua.

"Watu wametimia?"

"Wametimia, Baba," akasema Mwalimu, shingo wima, jasho linamtiririka.

"Na huyu Mzaramo?"

"Yumo."

Mzee akanitazama, akaguna, akaifungua njia kwa fimbo.

"Haya," akasema. "Tueni."