Kamba za Mwalimu Tryphosa

Saa mbili asubuhi, uwanja wa shule moja ya kutwa karibu na soko la Birongo umechorwa miraba ya chokaa. Wanafunzi wa kidato cha tatu wameshika kamba mbili ndefu za katani na kuzivuta hadi zimekaza. Hakuna anayepiga kelele. Wote wamemtegea sikio mwanamke aliyevaa sweta ya kijani, na anapofungua kinywa, kinachotoka ni mnong'ono.

"Tafuteni namba mbili," anasema Mwalimu Tryphosa Nyabuto. "Ukizijumlisha unapata tano. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza, inabaki moja."

Kila kamba ni mlinganyo mmoja. Ya kwanza inapita kila mahali penye jumla ya tano, ya pili kila mahali penye tofauti ya moja. Msichana anaifuata kamba yake hadi inapokatana na nyingine, anahesabu miraba kwenda kando, kisha kwenda mbele, na kuinua mkono.

"Tatu na mbili, Madam!"

Zimekutana hapo tu, kwa hiyo jibu ni moja. Mwalimu anaitikia kwa kichwa na kuagiza kamba zihamishwe.

Tryphosa alikuwa na sauti ya kujivunia. Siku ya Sabato ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani kwao, na darasani hakuwahi kugonga meza ili asikilizwe. Kisha rovu likamwota shingoni. Lilipoanza kumbana pumzi, alifanyiwa upasuaji mjini Kisii. Madaktari walikuwa wamemtahadharisha kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita papo hapo.

"Nilizinduka nikamwita mume wangu," anakumbuka. "Midomo ilitikisika, lakini yeye hakusikia kitu."

Alikaa nyumbani muhula mzima akinywa maji ya uvuguvugu na kungoja. Sauti ilirudi kidogo, ikakomea kwenye mnong'ono.

Siku aliyorejea kazini, safu za nyuma hazikumsikia. Waliokosa kusikia walianza kuongea, na walipoongea, wa mbele nao wakakosa kusikia. Kabla kengele haijalia darasa lilikuwa soko. Tryphosa alijifungia katika chumba cha vitabu akalia.

Wazazi walipata habari. Kwenye mkutano wa shule, mwenyekiti wao, Mzee Mose, mkulima wa chai, alisimama na kofia mkononi.

"Mwalimu, hatukuchukii. Umetufundishia watoto vizuri," alisema. "Lakini hesabu ya kunong'onezwa itawafikiaje? Si afadhali upewe maktaba, na mwingine aletwe?"

Hakuna aliyempinga. Tryphosa mwenyewe aliona kwamba maneno yale yalikuwa na haki ndani yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliomba aachiwe hadi mwisho wa muhula. Walimkubalia, ingawa bila imani.

Jumapili iliyofuata aliketi kando ya shamba akimtazama mumewe, Zachariah, akipima mistari ya kupanda miche ya chai. Alikuwa amefunga kamba mbili kwenye vijiti, zikapanda mlima sambamba.

"Baba Purity," alimnong'oneza, "hizo kamba zitakutana wapi?"

Zachariah alicheka. "Zikikutana, Mama Purity, jua nimeharibu shamba."

Tryphosa aliinuka. Kwa miaka mingi alikuwa ameeleza kwa maneno mengi ubaoni kwamba kuna milinganyo isiyokutana, na kila mwaka kuna waliobaki gizani. Hapa mtu angeliona kwa macho bila kuambiwa. Kesho yake alibeba kamba zile hadi shuleni. Zachariah alibaki akipima shamba kwa macho.

Joyline, aliyekuwa ameapa kwamba hesabu si zake, anaikumbuka siku hiyo. Kundi lake lilipewa kamba ya namba mbili ambazo jumla yake ni tano. Kundi la pili lilipewa namba zizo hizo, lakini jumla yake nane. Waliambiwa watafute zinapokutana. Walirefusha kamba, wakavuka goli, wakafika kwenye ua wa miti. Pengo kati ya kamba lilikuwa lile lile.

"Nilirudi kwa Mwalimu," anasema Joyline. "Nikamwambia, 'Madam, sijaona jibu. Nimekosea wapi?'"

Mwalimu alimsogelea sikioni. "Hujakosea. Namba mbili haziwezi kuwa na jumla ya tano na papo hapo ya nane. Sema hivyo, usiogope. Hakuna jibu."

Katika zoezi lililofuata yalizuka mabishano. Kundi moja lilikuwa na jumla ya tano. Jingine liliambiwa liongeze kila namba maradufu, jumla iwe kumi. Kamba zililaliana kabisa. "Tokeni, hapa ni petu!" wavulana walifoka, kabla hawajagundua kwamba kila aliyesimama juu ya kamba alikuwa amesimama juu ya jibu. Majibu hayakuwa na mwisho.

Mwisho wa muhula Mzee Mose alikuja kujionea. Walimpa ncha ya kamba aishike. Alivuta, akatembea, akauliza maswali, akajibiwa na watoto waliokuwa hawafumbui vinywa darasani. Kisha akaomba kamba zihamishwe tena.

"Mimi nilitoka shule nikidhani hesabu bila jibu ni ya mjinga," anasema. "Mbuya mono, Mwalimu. Asante sana. Suala la maktaba limekwisha."

Joyline anapanga kusomea ualimu. Nao walimu wa hesabu kutoka Nyamira wamemwalika Tryphosa awaonyeshe somo hilo likizo ijayo. Yeye bado anafanya mazoezi ya sauti, ingawa hasemi tena kwamba anaingoja.

Kinachomshughulisha sasa ni milinganyo ya kipeo cha pili, ile ambayo mchoro wake hupinda kama mgongo wa kilima. Anataka kuwapandisha wanafunzi uwanja wa juu, wanyooshe ufito kwa kuulaza mbele ya macho na kuulenga mlima ulio ng'ambo ya bonde. Ufito ukiwa chini, utaukata mlima mahali pawili. Ukiinuliwa, utagusa kilele tu. Ukizidi kuinuliwa, hautagusa kitu.

Zachariah amekwisha kumkatia ufito wa mkaratusi, mrefu na ulionyooka. Kilichobaki, anasema Tryphosa akiutazama mlima uliojifunika wingu, ni kuomba Jumatatu isiyo na ukungu.