Pole Marufuku Barafuni

Nilizaliwa Tanga, nikakulia Uswidi, nikaja Johannesburg nikiwa na goti la mzee na umri wa kijana. Mama yangu aliolewa na fundi mitambo wa Kiswidi, akanibeba nikiwa mdogo, akanishusha kwenye mji ambao ziwa lake huganda hadi watu wanaendesha magari juu yake. Msimu wa baridi watoto wa pale hawakucheza mpira wa miguu. Walikuwa na magongo, viatu vyenye kisu chini ya soli, na kile kidude cheusi cha duara kinachoitwa paki. Ukitaka marafiki, uteleze nao. Basi nikateleza, na baadaye nikaanza kulipwa mshahara kwa kuteleza.

Nilicheza beki, ligi ya pili. Sikuwa nyota, tusidanganyane. Kazi yangu ilikuwa kumbana mshambuliaji kwenye ukuta wa mbao hadi asahau alikokuwa anakwenda, na kwa kuwa hasira zangu ziko puani, kazi ilinifaa. Nyumbani mama alinisemesha Kiswahili tu, na nikikosea ananikata jicho. Ndiyo maana Kiswahili changu ni cha Tanga ya zamani kidogo na watu hunicheka. Wacheke tu, mimi sina kingine.

Nilipoacha kucheza nilisomea ukocha, nikafundisha vijana kule kule kwa muda, na mwaka 2015 nikamfuata mama yangu mdogo aliyekuwa na duka la vitambaa Rosettenville, kusini mwa jiji. Alinitafutia chumba mtaa wa jirani, La Rochelle, uani kwa Mreno mmoja mstaafu. Nilipomweleza mama mdogo kazi niliyoijia, aliweka mkasi chini.

"Mwanangu, umevuka bahari zote hizo kuja kufundisha watu kuteleza? Hapa mvua ikinyesha tunateleza bure."

Barafu ipo, lakini imefichwa. Iko ndani ya jengo la maduka upande wa kaskazini, njia ya kuelekea Midrand, inagandishwa na mashine zilizo chini ya sakafu. Nje watu wamevaa kandambili, ndani pumzi inatoka kama moshi. Mwenye uwanja alinipa watoto wa Jumamosi asubuhi. Mchungaji mmoja Mkongo wa La Rochelle akaanza kuwaleta watoto wa kanisa lake kwa basi dogo, kwa imani kwamba mtoto aliyechoka hana nguvu za kufanya upuuzi. Watoto wakaja, na mama zao wakaja nao, na blanketi, na chupa za chai. Hapo ndipo balaa langu lilipoanza.

Mtoto akianguka, jukwaa zima linampa pole. "Pole, mama! Pole, papa! Pole sana!" Wakongo, Watanzania, Warundi, katika hilo wote ni taifa moja. Hata mlinzi wa mlangoni, mtu wa Limpopo, alikuwa anasema "shame", ndiyo pole ya huku, ameshika moyo. Na mtoto, kwa kuwa amelelewa vizuri, hawezi kuondoka kabla ya kupokea pole zake. Analala pale pale, anatazama jukwaani, pole zikiisha anainua mkono na kusema asante, ndipo anaanza kujikusanya. Siku moja beki wangu alikuwa bado anawashukuru shangazi zake wakati paki inapita kando ya kichwa chake kuingia golini. Nilivua kofia nikaitupa barafuni. Jukwaa likanipa pole na mimi.

Hoki ya barafu haisubiri mtu. Anayelala chini ameiacha timu yake pungufu, na wenzake wanakimbia kwa miguu yao na ya kwake. Nilifunzwa hivyo na makocha ambao hawakuwahi kuniuliza kama nimeumia. Kwa hiyo nikapanda jukwaani nikasimama mbele ya wale akina mama, nikawaambia kuanzia siku ile neno pole ni marufuku humu ndani. Anayetaka kulisema akalisemee maegeshoni.

Walinitazama kama nimetukana msibani. Aliyejibu alikuwa mama mmoja msusi, Mkongo wa Bukavu, mwenye kibanda cha kusukia nywele Rosettenville.

"Eh, papa kocha. Huko Ulaya walikuzaa akina nani, mamba? Pole haivunji mfupa."

"Haivunji mfupa, mama, lakini inafungisha magoli."

"Basi tufungwe," akasema, akamimina chai.

Nilishuka nimevimba kwa hasira, na moyoni nacheka. Huyo mama nilimpenda tangu siku hiyo. Hata hivyo sikulegeza kamba.

Binti yake, mtoto wa pekee, ndiye aliyekuwa na kipaji kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Alizaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kizulu. Aliteleza kinyumenyume kwa raha kuliko wengine wanavyoteleza mbele. Lakini akianguka tu, macho yanakwenda kwa mama yake. Na mama yake, marufuku au si marufuku, alikuwa anampa pole kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

Ilimgharimu. Mwaka 2017 alikwenda kwenye mchujo wa timu ya wasichana ya jimbo, ambayo husafiri kwenda Cape Town kushindana na majimbo mengine. Alicheza vizuri, akaanguka mara moja tu, akatazama juu, akangoja. Mama mmoja mzungu wa Pretoria, aliyekuwa anachagua wachezaji, aliniambia baadaye bila kunificha: "Anajua, lakini akianguka anakaa kama yuko pikiniki." Hakuchaguliwa. Alijifungia chooni, akalia hadi basi la kanisa likaondoka bila yeye, ikabidi niwarudishe nyumbani mimi, yeye na mama yake.  Tulipofika, mama yake alibaki garini kidogo.

"Kocha, ni mimi?"

Nilitamani kumwambia hapana. "Ni wewe, mama," nikamwambia.

Tangu hapo akanyamaza. Sijui kama mnaelewa kazi aliyoifanya yule mama. Mwaka mzima alikaa jukwaani na ncha ya kitenge mdomoni, mtoto akianguka anaiuma, na wenzake wakianza kusema pole anawakanyaga miguu. Na binti akajifunza. Mwanzoni aliinuka polepole, akiwa bado anatazama juu. Baadaye akaacha kutazama. Kufikia baridi ya mwaka 2018, akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa anaanguka na kuinuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na mimi nilikuwa natembea kifua mbele kwa fahari. Kila mtu alijua safari hii anakwenda Cape Town.

Siku ya mchujo nilipewa kusimamia timu moja kati ya mbili zilizojaribiwa, na yule mama wa Pretoria alikaa katikati ya jukwaa na kofia yake ya sufu. Binti alianza vizuri kiasi kwamba nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza benchini. Kipindi cha mwisho msichana mmoja mkubwa alimgonga kwa kasi, wakaingia wote ukutani, na binti akaanguka juu ya mkono wake wa kushoto. Nilisikia mlio wa mbao. Kabla sijavuta pumzi alikuwa ameshasimama. Jukwaa lilikuwa kimya kabisa. Akamfukuza yule mwenye paki, akamnyang'anya, akampasia mwenzake, na likawa goli. Watu wakapiga makofi. Mama wa Pretoria akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na nikajua binti amechaguliwa.

Lakini nilikuwa nimeona jinsi alivyompasia. Gongo alilishika kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa umebanwa mbavuni, na glavu inaning'inia.

Nikamwita atoke. Akajifanya hasikii. Nikamwita tena kwa ile sauti yangu, akaja, akaketi benchini akitazama mbele.

"Niko sharp, kocha, niko sawa."

"Vua glavu."

"Nimesema niko sharp."

"Sijakuuliza. Vua."

Hakuvua. Aliangalia jukwaani, si kwa mama yake, kwa yule mama wa Pretoria. Akaniambia kwa Kiingereza chake, taratibu, kama anayemwelewesha mtoto, kwamba zimebaki dakika chache tu, nimwache amalize, mkono atautibu kesho. Nikamwambia harudi barafuni.

Mama yake alishuka zile ngazi mbili mbili. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Umemtoa kwa nini? Si ameinuka? Kocha, si ameinuka? Na mimi si nimenyamaza?"

 Nilimvua binti ile glavu mwenyewe, na alipouma meno mama yake aliona. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeshavimba na kupinda mahali pasipopaswa kupinda. Mama yake akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa kwenye lile benchi la wachezaji, katikati ya wasichana waliovaa vyuma na sponji. Goli lilikuwa limefungwa, mchezo unaendelea, na yule mama wa Pretoria alikuwa ameshageuka kumtazama mwingine.

Nilimwachia msaidizi wangu timu, nikawapakia garini. Mama alikaa nyuma, binti mbele, mkono umefungwa kwa kitenge. Tulikwama kwenye robot baada ya robot, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, ile foleni ya Jumamosi ya watu wanaotoka madukani.  Binti akauliza, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili ili mama yake pia asikie.

"Wewe ungetoka?"

Ningeweza kumdanganya, kwa kuwa hakuna mtu Johannesburg aliyeijua habari ile, hata mama yangu mdogo. Nikamwambia nisingetoka, na sikutoka. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Goti lilizunguka likaenda upande wake, nikasimama haraka hata daktari wa timu hakupata nafasi ya kunyanyuka kitini. Nilicheza mchezo hadi mwisho. Asubuhi sikuweza kushuka ngazi za nyumbani kwangu, na aliyenipasua aliniambia kwamba ningetoka palepale ningecheza miaka mingine mingi. Sikucheza hata siku moja tena. Ndipo nikawa kocha.

 Binti akanigeukia.

"Lakini walikupigia makofi?"

"Uwanja mzima," nikasema. "Walisimama."

Akageuza uso dirishani, na ndipo alipoanza kulia.