Pikipiki ya marehemu mume wangu ilivuja kila usiku, na oili ikazidi kuongezeka

Wakuu, nawasalimu kutoka huku kwenye chai, upande wa Kapkatet, ambako tangu asubuhi ukungu haujaamua kama unakuja au unaondoka.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jambo lenyewe limekwisha, na kwa sababu nilipokuwa ndani yake nilitafuta uzi kama huu nisiupate. Nitaeleza lilivyotokea. Pale nilipoogopa nitasema niliogopa, ingawa nina shahada na umri wa kutosha kuona haya.

Mume wangu, Kiprono, alifariki mwaka jana kwa ugonjwa. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa kila anayesikia neno pikipiki hudhani ni ajali. Haikuwa ajali.

Aliacha dual-sport, zile pikipiki ndefu zenye matairi ya meno, zinazokwenda lami na matope bila kuchagua. Mimi ni afisa wa kilimo. Nazungukia wakulima wadogo wa chai kutoka Bureti hadi upande wa Bomet, na njia za kwenda vituo vya majani hazina huruma na gari dogo. Nilikaa miezi nikiitazama tu ile pikipiki. Kisha nikajifunza kuiendesha.

Watoto wako shule za bweni, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama mkwe. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, na Kipsigis changu ni cha kuombea maji. Mama nami huzungumza Kiswahili. Si cha vitabu, lakini ni chetu.

Baada ya mazishi Mama aliacha kula. Hakuwa amegoma. Alisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli. Nilimwona akipungua hadi pete ikawa inazunguka yenyewe kidoleni.

Siku niliyoiwasha pikipiki kwa mara ya kwanza, alitoka jikoni na kikombe cha mursik, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, akakinywa chote akiwa amesimama, akisikiliza injini. Tangu hapo akaanza kula.

Kwa hiyo nieleweni. Nilichokuwa nikihangaikia katika uzi huu wote si pikipiki.

Jioni ile, nilipoingia nyumbani na kuizima, Mama aliuliza kutoka ndani: "Umefika?" Aliuliza kwa Kipsigis, lugha ambayo mimi haniongeleshi. Ndivyo alivyokuwa akimuuliza mwanawe kila jioni. Nilivua helmeti nikanyamaza. Swali halikuwa langu.

Pikipiki tuliilaza stoo, chumba kilichoshikana na jikoni, kwa sababu ya wezi. Mama akajizoesha kukaa humo jioni, na kigoda chake na jiko dogo la makaa miguuni, maana baridi yetu mnaijua. Alizungumza kwa sauti ya chini. Nilimwacha. Kila mtu ana kanisa lake.

Kisha ikaanza kuvuja.

Asubuhi moja nilikuta doa jeusi la mviringo kwenye katoni niliyotandika chini ya injini. Mama alikuwa amesimama juu yake, mikono nyuma.

"Amekuja," akasema.

"Nani, Mama?"

"Mwenye pikipiki. Ameongeza oili, ikamwagika kidogo. Yeye ni mtu wa haraka siku zote." Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu Kiprono alipolazwa hospitali.

Nilifanya ambalo mgeni wa pikipiki hufanya. Nilichomoa kijiti cha kupimia nikitarajia kukuta oili imepungua. Ilikuwa imepita alama ya juu.

Nikapangusa, nikapima tena. Imepita. Nikafikiri labda pikipiki imeinama, nikamwomba Mama aishike wima. (Ushauri kwa wageni wenzangu: pimeni hivyo, ikiwa wima, na ikiwa imepoa kidogo.) Bado ilikuwa imepita, na mimi sikuwa nimeongeza hata tone.

"Si nimekuambia?" Mama akasema.

Nilimpelekea fundi mmoja pale senta, mtu mcheshi. Aliitazama akatikisa kichwa. "Madam, hii yako ni ya ajabu. Inavuja huku inanenepa!" Akapunguza oili iliyozidi na kubadilisha gasketi ya kifuniko. Katoni ikalowa tena. Akabadilisha sili iliyo nyuma ya gia ya mnyororo. Ikalowa tena, na oili ikapanda tena.

Mara ya tatu hakucheka. Aliuliza, "Mwenyewe alikuwa nani?" Nilipomweleza, alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaniambia kwa heshima kwamba kuna fundi mwingine mzuri Litein.

Sikwenda Litein. Nilirudi nyumbani kupitia katikati ya mashamba. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vichwa vya michai, na ile njia nyekundu ikawa kama mfereji kati ya kuta mbili za kijani. Kwenye kioo niliona moshi mweupe ukinifuata. Nikipunguza mwendo, nao unapunguza. Mlio wa injini ulikuwa umebadilika, ukawa laini, wa mtu anayepumua akiwa amelala.

Na kulikuwa na harufu. Ile stoo ilikuwa imeanza kunukia kama jaketi la Kiprono. Nilikuwa nikiingia humo kabla ya kwenda kazini, nafunga mlango, nasimama tu.

Nitasema lote. Asubuhi moja nilichomoa kijiti, nikakuta oili imepanda tena, na nikajisikia nikisema, "Asante."

Hapo ndipo nilipoogopa. Doa halikunitisha kama lilivyonitisha lile neno, na wepesi lililotoka nao.

Nilianza kusoma. Kuna jaribio ambalo watu wa pikipiki hulisifu: osha injini, ikaushe, ipake poda, uiache. Oili ikitoka huchora njia yake kwenye weupe, nawe unaifuata hadi kwenye chanzo. Nikanunua poda ya watoto.

Niliipaka jioni, upande wote wa kushoto, kuanzia chini ya tangi hadi kwenye mnyororo. Kisha nikafunga petroli kama kawaida. Chini ya tangi kuna kishikio kidogo ambacho mafundi hukiita tap. Hilo ndilo somo pekee la pikipiki ambalo Kiprono aliwahi kunipa: "Petroli ikilala wazi, injini hailali." Sikuwahi kusahau. Kila jioni nilifunga kabla ya kuvua glavu.

Asubuhi poda ilikuwa imejibu. Njia nyembamba nyeusi ilitoka kwenye mpira ambao injini hupumulia, ikashuka hadi kwenye katoni. Hakuna gasketi wala sili iliyokuwa na kosa. Injini ilikuwa imeshiba ikawa inacheua.

Ningefurahi, lakini macho yangu yalipanda juu zaidi.

Kwenye tap, ndani ya poda, kulikuwa na alama za vidole vitatu.

Vidole vyangu huvaa glavu. Hivi vilikuwa vitupu, mistari ya ngozi ikionekana. Na kishikio, ambacho mimi nilikiacha kimelala upande, kilikuwa kimeangalia juu.

Kwa wasiojua: kwenye pikipiki hii kishikio kikiangalia chini, petroli iko wazi. Kikilala upande, imefungwa. Kikiangalia juu, iko wazi tena, inachota ile ya akiba. Ni asubuhi ngapi kilikuwa kimeangalia juu? Sijui. Nilikuwa nakizungusha tu hadi kiangalie chini, bila kutazama, akili yangu iko kwa wakulima.

Mlango wa nje wa stoo ulikuwa na komeo kwa ndani, kama nilivyoufunga.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Aliziona zile alama. "Mimi najua mkono ya kijana yangu," akasema taratibu.

Nilichomoa kijiti, na safari hii sikukitazama. Nilikinusa. Petroli.

Basi nusu ya jambo ikafunguka. Ndani ya kabureta kuna sindano ndogo inayoziba petroli kabureta ikijaa. Yetu ilikuwa imechoka. Tap ikilala wazi, petroli ilipita usiku kucha ikateremka ndani ya injini, ikachanganyika na oili. Kilichokuwa kikipanda kwenye kijiti ni petroli. Kilichokuwa kikinukia kama jaketi la mume wangu ni petroli.

Ndipo nikageuka nikaona kigoda cha Mama. Kando yake lilikuwa lile jiko, na majivu ya jana jioni.

Wakuu, kuna hofu ya mtu aliyekufa, na kuna hofu ya mtu aliye hai. Ya kwanza iliniondoka papo hapo. Nilibeba jiko nikalitoa nje.

"Unapeleka wapi moto yangu?" Mama akauliza.

"Limepasuka, Mama. Nalipeleka kutengenezwa." Halikuwa limepasuka.

Ilibaki nusu ya pili: mkono ule ulikuwa wa nani. Siku hiyo niliwahi kurudi. Nilifunga petroli, nikahakikisha kwa macho kishikio kimelala upande, kisha nikasimama jikoni bila kuwasha taa, mlango wa stoo ukiwa wazi kidogo.

Mama aliingia na kigoda chake. Alikuwa amejitanda lile jaketi. Alizungumza kwa muda, kwa Kipsigis, akinyamaza mahali ambapo mtu hunyamaza ili ajibiwe. Kisha akainuka, na mkono wake ukaingia chini ya tangi bila kutafuta, kama mkono wa mkamuaji unavyojua chuchu ilipo. Akazungusha robo mzunguko.

Niliutambua mzunguko ule. Kiprono alikuwa akiufanya kila jioni, mkono mmoja kwenye tap na mwingine ukivua helmeti. Kilikuwa kiwiko chake, bega lake, hata ule mvuto mdogo wa mwisho. Kwa kitambo kidogo, wakuu, sikuwa na hakika namwona nani.

"Lala," akaiambia pikipiki.

Niliingia. "Mama, unafanya nini?"

"Nafunga petroli. Yeye alifunga kila jioni. Wewe si ni mgeni, unaacha wazi."

"Mama, mimi hufunga. Kila siku."

Akanitazama. Nikachuchumaa nikamwonyesha: chini, upande, juu. Aliinama akaangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni sisi wawili. Mimi nafunga, wewe unafunga tena."

"Na ikifungwa mara mbili inafunguka."

"Ndiyo, Mama."

Alikaa. "Basi hakuja," akasema.

Mvua ya mawe ilianguka juu ya mabati, nami nikabeba kigoda chake, tukarudi jikoni.

Kesho yake katoni ilikuwa kavu. Mama aliitazama, akarudi kitandani. Uji wake ulipoa mezani hadi ukaota ngozi. Mchana hakula. Jioni hakwenda stoo. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na mimi nikaanza kuitazama ile pete.

Fundi wetu mcheshi alikubali kuigusa pikipiki tena baada ya kuelezwa habari ya petroli. Akaweka sindano mpya, akasafisha kabureta, akamwaga oili yote na kujaza nyingine. "Sasa imepungua unene," akasema, lakini macho yake yalinikwepa.

Niliporudi nyumbani nilizima injini na kubaki juu ya kiti. Sikuigusa tap.

"Mama!" nikaita. "Njoo unifungie petroli. Mimi siwezi vizuri, nimevaa glavu."

Nikasubiri. Baada ya muda nilisikia kandambili zake. Alikuja akiwa na uso wa mtu aliyeamshwa, akainama, akachungulia, akazungusha.

"Hapo?"

"Hapo hapo."

Akabaki ameshika tangi, ambalo bado lilikuwa na joto. "Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi twende. Mtu halali njaa kwa hii baridi."

Alikula kipande kidogo cha ugali na mboga. Tangu siku hiyo kazi ya tap ni yake, mimi sigusi. Jiko limehamia jikoni na halivuki mlango.

Funzo kwa mgeni mwenzangu wa pikipiki: ikivuja, usikimbilie gasketi. Pima. Oili ikiwa imezidi bila wewe kuongeza, nusa kijiti. Ikinuka petroli usiiwashe, na usiache moto karibu nayo, hata wa mtu mwenye huzuni.

Limebaki jambo moja, na ndilo ninalotaka mnijadilie.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka Bomet ukungu ukiwa mzito hata taa yangu haikufika mbali. Niliingia, nikazima. Kutoka ndani Mama akauliza, kwa Kipsigis: "Umefika?"

Nikajibu. Kwa Kipsigis, maneno yale yale aliyokuwa akijibu Kiprono. Sikumbuki kujifunza kuyatamka. Sauti iliyotoka sikuitambua vizuri kuwa yangu, ingawa helmeti hufanya hivyo.

Mama hakushangaa. Alitoka, akafunga petroli, akaenda kupakua chakula.

Nyinyi mliowahi kubakiwa na chombo cha mtu, niambieni kwa uwazi: nilikosea kujibu? Maana leo jioni ataniuliza tena.