Sombe ya Jirani

Siku hiyo hofu ilinishika kabla sijajua naogopa nini. Mama yangu alikuwa ameketi uani kwetu, mtaa wa Landless, sahani ya sombe magotini, jasho likimtoka kama aliyetoka kulima. Alikuwa amekula matonge mawili tu. Nilimwita. Akanitazama kama mtu asiyenijua.

Wapangaji wa ploti yetu tulikuwa tumeanza kula pamoja kila Jumapili mchana. Kliniki ilikuwa imemwambia mama apunguze chapati na ugali mweupe kwa sababu ya kisukari, basi nikawa napika nduma na mboga za managu, na majirani wakazoea kuja. Jumapili hiyo jirani mgeni, mama aliyekimbia vita Kongo, alituletea sombe, chakula cha kwao: majani ya muhogo aliyoyatwanga na kuyachemsha tangu asubuhi.

"Ngai! Amempa shosho nini?" mama wa chumba cha tatu alipiga kelele, akimwonyesha mama yangu kidole. "Hayo majani si ni sumu!"

Watu wakasimama. Mwanamume mmoja akafunga geti, mgeni asitoke. Nami, niliyemkaribisha mgeni mwenyewe, niliiangalia ile sufuria nikaamini ni sumu. Naona aibu mpaka leo.

Mgeni alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mama.

"Mama alikula asubuyi?" aliniuliza.

"Hapana. Alisema anaweka nafasi ya chakula chako."

"Na dawa ya sukari, alikunywa?"

Alikuwa amemeza. Nilikimbilia sukari, nusu ikamwagika njiani. Akaikoroga kwenye maji, akamnywesha kidogo kidogo, watu wakinong'ona mgongoni mwake. Niliona mshipa wa shingo yake ukipiga kwa woga. Hakugeuka.

Baada ya muda mama akasema, "Mbona mnaniangalia hivyo?"

Hospitalini daktari alitueleza lile mgeni aliloligundua: dawa bila chakula ilikuwa imeshusha sukari mwilini. Hata hivyo mgeni alijifungia siku tatu. Nilipobisha, nilisikia komeo likikazwa.

"Ni mimi, dada. Niko peke yangu."

"Wale wengine wanasema nini?"

Sikuweza kumdanganya. "Bado wanaogopa."

"Miye pia," akasema, akafungua.

Jumapili iliyofuata tulikuwa wanne tu: mama, mimi, jirani mmoja, na mgeni aliyeleta sombe tena. Mama alikunywa uji wa wimbi asubuhi, nikisimama hapo mpaka akamaliza. Sombe nilionja mimi wa kwanza. Ilikuwa tamu, lakini sikuacha kumwangalia mama usoni.