Wali wa Bwana Shamba

Ziwa lilipopanda lilikula majaruba ya mama yote, mpunga ukiwa ndiyo kwanza unatoa maua. Bima hatukuwa nayo. Kuna kijana aliwahi kupita kijijini akiinadi bima ya mazao, mama akamwambia kulipia balaa kabla halijaja ni kuliita. Siku hiyo nilicheka sana.

Kwa hiyo tuliposikia serikali itatoa hela ya kifuta machozi kwa waliopoteza mazao, tegemeo letu la mbegu na chakula likawa hilo tu. Nilifunga kibanda changu cha mitumba pale Mabatini, mjini, nikaja nyumbani siku ambayo bwana shamba alikuwa anakuja kukagua hasara. Nikamwonya mama mapema.

"Aende shambani, aone maji, basi. Usipike."

"Mgeni afike kwangu aondoke na njaa? We mwanangu, mji umekuharibu!"

Nilidhani yameisha. Kumbe wakati mimi nakanyaga matope na bwana shamba na mwenzake, nawaonyesha mpunga uliooza, mama kamchinja tetea wake wa mwisho, na mchele kaenda kuuazima kwa jirani. Tunarudi, sahani zinafuka moshi. Wakala, wakaongezewa, wakala tena. Bwana shamba akalegeza mkanda. Mimi natabasamu, roho inaniuma.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Jina la mama halikutajwa. Mwenyekiti akauliza kulikoni, maana alijua majaruba yetu yamezama. Bwana shamba akajibu kwa upole kabisa.

"Yule mama ana uwezo. Pale tulikula kuku na wali. Tumeanza na wenye hali mbaya zaidi."

Watu wakaangua kicheko. Jamani, niliona aibu! Mimi ninayebishana na wateja kutwa nzima, sishindwi na mtu, nikasimama na mdomo nimeshaufungua. Mama akanivuta gauni. Nilipomtazama usoni nikaelewa. Nikisema mchele ulikuwa wa kuazima na yule kuku hakuwa na mwenzake, nitakuwa nimemvua nguo mama yangu mbele ya kijiji kizima. Nikaketi. Nilimwonea aibu kwa kupika kwake, halafu nikaona aibu kwa sababu nimemwonea aibu mama aliyenizaa.

Tulipofika nyumbani uvumilivu ukanishinda.

"Umetuponza, mama! Sasa tutakula nini? Hiyo sifa ya ukarimu tutaisonga ugali?"

Aliketi jikoni akaanza kuchambua majani ya kunde, kichwa kakiinamisha, na mimi nikazidi kufoka. Sijui ningeishia wapi kama nisingesikia sauti ya mwenyekiti uani.

"Hodi hapa! Mama, nimekuletea wageni wako. Wanarudi mjini na hawajatia kitu mdomoni."

Mama akafuta uso kwa upande wa kanga, akatoka.

"Karibuni, karibuni sana baba zangu! Piteni ndani."

Kisha akanigeukia na kuninong'oneza nikimbie kwa jirani, nimwombe mchele mwingine kidogo. Nilisimama pale mlangoni nikitaka kukataa. Nikaenda. Jirani yule, ambaye jina lake lilikuwa limesomwa mkutanoni, alinipimia bila kuuliza swali hata moja, na mimi sikuweza kumtazama machoni.

Chakula kilipoiva, mama akanikabidhi jagi na beseni. Nilipiga magoti mbele ya bwana shamba nimnawishe, kama nilivyolelewa. Mwenyekiti alikuwa nje anaongea na simu, mwenzake bwana shamba kasinzia kitini, mama yuko jikoni. Sikio la bwana shamba lilikuwa karibu kabisa na mdomo wangu. Ningeweza kumwambia kila kitu kwa sauti ya chini, na asingesikia mtu mwingine yeyote.

"Mama yako anajua kupika," akasema, akisugua vidole.

"Asante," nikamjibu, nikamwongezea maji.